Mnyororo Ambao Sikuusikia

Kuanzia Kimamba mpaka Malolo, miaka ile, ukiuliza ni nani anayeweza kupandisha lori lililojaa mahindi kwenye kilima chenye utelezi, utaambiwa Leodegari. Sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu ni kweli. Shule niliishia darasa la nne. Baba yangu alikuja manamba kutoka Njombe, akakata mkonge mpaka mgongo ukakataa, na mimi nikaanza kwa kuosha magari ya shamba. Leo nina malori yangu, nina gereji hapa Mikumi, nina nyumba ya wageni yenye maji bombani. Bati za kanisa la kigango chetu nilinunua mimi. Kengele pia ni mimi.

Katekista aliponiomba niandike kidogo juu ya imani katika maisha ya kila siku, ili watu wa jumuiya wasome, nilikubali harakaharaka kama kawaida yangu. Kisha nikakaa na kalamu nikaona sina la kusema juu ya bati. Nina la kusema juu ya gogo na debe la maji.

Kabla ya vita vya Kagera, siku zetu zilikuwa hivi. Shamba la mkonge lilikuwa limeshataifishwa, na lori letu lilibeba kila kitu: katani kwenda stesheni, mahindi ya vijiji vya ujamaa, saruji, hata watu na vitanda vyao wakati wa kuhamia vijijini. Dereva ni mimi. Utingo ni Kosmas, mtu mrefu, mkimya, aliyenizidi umri. Aliwahi kusomea ukatekista, akaacha masomo baba yake alipofariki, ili alee wadogo zake. Kuendesha hakutaka. Nilimwambia mara nyingi, "Kaka Kosmas, njoo nikufundishe usukani uwe mtu." Alijibu, "Wewe kuwa mtu mbele, mimi niache niwe mtu nyuma."

Lori lile lilikuwa na nguvu lakini hendibreki ilishakufa, na vipuri havikupatikana nchi nzima. Kwa hiyo Kosmas alichonga gogo la mninga, upande mmoja mnene, upande mwingine mwembamba, akalifunga mnyororo. Gari likizima mlimani, mimi nakanyaga breki, yeye anaruka na kupiga magoti nyuma ya tairi, anasukumia gogo. Nawasha, naingiza gia, gari linajivuta polepole. Yeye anachomoa gogo, anakimbia nalo, analitundika kwenye ndoano ya nyuma, na mnyororo unalia. Kisha anarukia nyuma na kugonga bodi mara mbili. Hapo ndipo nakanyaga mafuta. Mnyororo kwanza, halafu kugonga. Kugonga mara moja maana yake simama. Ndiyo lugha yetu, na watu wa malori wote wa Kilosa walikuwa na ya namna hiyo.

Halafu kulikuwa na jambo la adhuhuri. Injini ile ilichemka upesi, lazima rejeta iongezwe maji katikati ya siku. Kosmas hakuwa na saa. Aliangalia kivuli cha kioo cha mlangoni, na kikikaa anavyotaka yeye, anagonga mara moja.

"Rejeta, Bwana Leo."

"Mshale wa joto uko katikati."

"Uko katikati ya kupanda."

Nasimama. Anafungua boneti, anashika mfuniko kwa kitambaa, anamimina maji kutoka kwenye debe taratibu, na huku maji yanaingia anaanza sala ya Malaika wa Bwana. Mliobatizwa mnaijua: mmoja anaongoza, wengine wanaitikia. Mwitikiaji nilikuwa mimi, mguu mmoja juu ya bampa, sigara mkononi.

"Unaitikia kama mtu aliyeshikwa na polisi," aliniambia siku moja, tukiwa tumesimama karibu na Ulaya. Ulaya ni kijiji chetu huku, njia ya Mikumi. Mimi huwaambia wageni nilifika Ulaya kabla ya kuona ndege.

"Malaika gani huyu anakuja saa injini inapochemka?"

"Huyohuyo. Ungesimama saa nyingine mngepishana."

Nilicheka. Nilisimama kwa ajili ya injini, yeye alisimama kwa ajili ya yote mawili, na wala hakunihubiria. Nakwambia ukweli, dini yangu yote ya miaka ile ilikuwa pale kwenye rejeta. Jumapili nilikuwa nalala.

Mkewe aliitwa Veronika. Mimi nilimwita shemeji, na utani wetu watu wa Kimamba walikuwa wakisogea kuusikiliza.

"Shemeji, mumeo nimemrudisha nusu. Nusu kaila simba pale mbugani."

"Simba mjinga. Angeanza na ulimi wako, angeshiba wiki."

Siku redio ilipotangaza kwamba majeshi ya nduli yameingia Kagera, tulikuwa kantini ya shamba. Hakuna aliyemaliza chai yake. Baada ya muda si mrefu ukaja mwito kwamba malori yanatakiwa, na madereva. Tulikusanywa Kilosa uwanjani. Ofisa mmoja akauliza ni nani yuko tayari kwenda na gari lake.

Hakuna aliyenilazimisha. Nilipanda juu ya bampa ili nionekane, nikapaza sauti, "Mimi na utingo wangu!" Watu wakapiga makofi na vigelegele. Niliposhuka, Kosmas alikuwa amesimama palepale na debe lake.

"Hukuniuliza," alisema.

"Kwani ungekataa?"

"Nisingekataa. Lakini hukuniuliza."

Siku ya kuondoka Veronika alikuja na mtoto mgongoni na mfuko wa mihogo mikavu. Alikuwa amelia, lakini utani hakuuacha.

"Hilo gogo analipaka mafuta kila Jumamosi. Mimi mafuta ya nazi nayasikia kwa jirani."

"Shemeji, gogo halinuni."

"Basi sikiliza. Mume unirudishie. Gogo liacheni hukohuko likaolewe."

Kosmas alicheka mpaka akashika bodi. Hicho ndicho kicheko chake ninachokikumbuka vizuri kuliko vingine.

Safari ilipita Dodoma, Singida, Nzega, kisha misitu ya Biharamulo, na mvua juu yetu. Nyuma tulibeba askari. Adhuhuri ya kwanza Kosmas alipogonga mara moja, sajini mmoja akaja juu, anataka kujua nani kaamuru kusimama. Nikamwambia, rejeta. Kosmas akamimina maji, akaanza sala yake kwa sauti ileile ya siku zote. Nyuma ya lori sauti zikaitikia, vijana wa Songea, wa Moshi, wa Sumbawanga. Askari Waislamu waliomba maji yaliyobaki kwenye debe wakatawadha, wakatandika makoti yao kando ya njia. Tangu hapo kituo cha adhuhuri hakikubishaniwa. Sajini mwenyewe akawa anauliza, "Utingo, kivuli hakijafika?"

Huko mbele kazi yetu ilikuwa kupeleka mizigo ya vita na kurudi na majeruhi. Tulivuka mto Kagera kwa daraja la muda, maana daraja lenyewe lilikuwa limevunjwa. Nimeona mashamba ya migomba yaliyofyekwa kwa risasi. Nimeona nyumba zisizo na milango, na ng'ombe waliovimba njiani. Sikuwa askari na sikushika bunduki. Nilishika usukani, na nilijivunia usukani huo kwelikweli. Maofisa walinijua kwa jina. Penye matope mabaya walisema, "Mwiteni yule wa Kilosa." Nami nikaamini kwamba bila mimi vita vingesimama.

Kosmas kila jioni aliosha damu kwenye bodi kwa debe lilelile, akalisuuza, akalijaza tena kwa ajili ya kesho.

Siku ninayoisema, tulipakia majeruhi ng'ambo ya mto asubuhi, watu wengi kuliko nafasi. Mbele kwangu aliketi koplo wa tiba, kijana wa Tabora. Tulivuka salama. Mizinga ilikuwa ikisikika kwa mbali, na hiyo ilikuwa kawaida. Tulipokuwa bado hatujafika kilima cha upande wetu, bodi ikagongwa mara moja.

Nikatoa kichwa dirishani. "Nini?"

"Rejeta!"

"Leo hakuna malaika! Nina watu wanakufa huku!"

"Maji tu, Bwana Leo. Kilima kiko mbele."

"Nimesema twende!"

Koplo aliniangalia. Mimi ndiye dereva. Nikasikia sauti ya Kosmas, si ya hasira.

"Haya. Tutasali kilimani."

Akagonga mara mbili.

Injini ilichemka tukiwa kilimani. Mvuke ulifunika kioo. Gari likatetemeka, likazima.

Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Tope lilikuwa jekundu, na gari likaanza kurudi nyuma. Nyuma watu wakapiga kelele.

Likasimama. Gogo lilikuwa limeingia.

Kombora la kwanza lilianguka chini ya kilima, karibu na njia tuliyopita. Sijui kama walituona au walikuwa wanapiga barabara tu.

Kosmas akaja mbele akikimbia na debe. Akavua shati, akafungua mfuniko kwa shati. Mvuke ukamchoma, nilimsikia akivuta pumzi. Boneti lilikuwa juu, sikuuona uso wake. Niliona miguu yake na maji yanayodondoka.

Hakuharakisha. Alimimina vilevile kama tulivyokuwa tukisimama kule Ulaya.

La pili likaanguka karibu zaidi. Udongo ukamwagika juu ya kioo.

Boneti likafungwa. Akapita mlangoni kwangu akirudi nyuma. Kifua wazi, mikono imevimba tayari. Alisema neno moja tu, "Washa."

Nikawasha. Ikakubali. Nikaingiza gia, gari likajivuta.

La tatu sikulisikia likija. Lilikuwa mwanga upande wa nyuma, kisha masikio yakaziba, kisha yakafunguka.

Bodi ikagongwa mara mbili.

Mnyororo haukulia.

Hapa nataka kuandika polepole, maana jambo zima liko hapa. Nilikuwa nimefanya kazi na mtu yule miaka. Hata usingizini ningejua, mnyororo kwanza, halafu kugonga. Masikio yangu yalikuwa yamefunguka, kelele za majeruhi nilizisikia, injini niliisikia, kugonga nilikusikia. Nilijua hajatundika gogo. Nilijua yuko chini. Ningeweza kuendelea kujivuta polepole, kama siku zote, nikampa nafasi ya kukimbilia. Mguu wangu ulijua pia.

Nikakanyaga mafuta.

Kileleni nilisimama. Nikashuka, nikaenda nyuma. Ndoano ilikuwa tupu. Nikaita. Mmoja wa majeruhi, mtu wa makamo aliyepigwa mguu, ndiye aliyenijibu. Alisema alimwona Kosmas kupitia upenyo wa ubao wa nyuma, amepiga magoti pale kwenye tairi, damu ubavuni, mkono mmoja umeshika gogo. Akainua mkono wa pili akagonga. Gari likaondoka.

"Alikuwa anataka tuende," mtu yule alisema. "Alituangalia tukienda."

Nikageuka kuteremka kwa miguu. Koplo akanishika mkanda.

"Unakwenda wapi? Nani ataendesha?"

Jibu lilikuwa mimi. Ufundi wangu wote niliokuwa nikiutangaza ndio ulionifunga pale. Nilirudi kwenye usukani. Majeruhi walifika, na wengi wao walipona. Nasema hilo kwa sababu ni haki yao lisemwe, silisemi ili linisaidie.

Njia ile nilipita tena baadaye, mapigano yaliposogea mbele. Askari walikuwa wamemzika Kosmas pamoja na wengine, kaburi safi, mawe pembeni. Walionionyesha walikuwa na adabu. Kuhusu gogo hawakujua nauliza nini, mpaka mpishi wao akakumbuka. Walilipasua kuni. Mninga mkavu uliopakwa mafuta miaka yote, aliniambia, uliwaka vizuri sana.

Vita vilipokwisha nilirudi Kimamba na lori. Watu walijaa stesheni mpaka kantini. Ngoma, vigelegele, majani ya migomba kwenye bampa. Mwenyekiti wa kijiji akasema nipande juu niseme neno, nami nikapanda. Mungu anisamehe, nilisema mengi. Nilieleza kilima, makombora, majeruhi, jinsi nilivyolipandisha lori. Nilimtaja Kosmas kwa heshima, nikasema alikufa kishujaa. Watu walipiga makofi. Nilipotazama chini nikamwona Veronika mstari wa mbele, amekaa juu ya kanga yake, mtoto mapajani. Hakupiga makofi wala hakulia. Ananisikiliza tu, kama mtu anayengoja niseme kitu ambacho bado sijakisema.

Kesho yake nilikwenda kwake. Habari ya kifo ilikuwa imeshamfikia, matanga yalishakwisha. Nilibisha hodi, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza tena yote, safari hii na yale niliyoyaacha stesheni. Uwanjani Kilosa, kwamba sikumuuliza. Adhuhuri, kwamba nilimkatalia. Mnyororo. Sikuficha mnyororo. Nilitegemea anifukuze, na nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa.

Aliendelea kuchambua mboga. Kisha akauliza, "Shemeji, umesema alitia maji?"

"Alitia."

"Mwenyewe, kwa debe?"

"Kwa debe."

"Polepole au haraka?"

"Polepole. Kama siku zote."

Akaweka ungo chini. "Basi alisali. Yule mtu hajawahi kutia maji bila kusali. Hata hapa nyumbani, mtungi wa kunywa."

Nikasema boneti lilikuwa juu, sikumwona.

"Sikukuuliza kama ulimwona. Nani aliitikia?"

Injini imezima, dirisha liko wazi, mimi niko hatua chache tu kutoka kwake, nimeshika usukani. Kama alisali, alisali na mimi nikiwepo, akafika mahali pa kuitikiwa, akangoja kidogo kama desturi yake, kisha akaendelea peke yake.

"Hakuna," nikasema.

"Basi nenda ukamwitikie." Hakusema kwa ukali wala kwa upole. Aliinuka, akachukua ungo wake. "Na usiwe unaniletea unga kila wiki kama mtu anayelipa faini. Njoo kama shemeji, au usije."

Nilikwenda kama shemeji, nilivyoweza. Utani ulirudi baada ya miaka, mdogo, na haukuwahi kuwa ule wa zamani. Simba hatukumtaja tena.

Padri nimemwambia yote, zaidi ya mara moja, na ondoleo nimepewa. Naliamini. Lakini wapo wanaodhani mtu akiondolewa dhambi anaondolewa na kumbukumbu, na mimi nawaambia wenzangu wa jumuiya, si hivyo, angalau si kwangu. Bati nilizonunua zinazuia mvua, ni bati nzuri. Kengele inasikika mpaka ng'ambo ya barabara kuu. Vitu hivyo havijanirudisha pale kilimani hata siku moja. Kinachonirudisha ni debe la maji.

Malori ya siku hizi hayachemki ovyo. Hata hivyo adhuhuri, kama niko njiani, nasimamisha, na kama niko gereji natoka nje. Nafungua boneti, natia maji hata kama ni kikombe kimoja tu. Vijana wangu wa kazi walicheka mwanzoni. Mmoja, dereva mzuri, karibu mzuri kama mimi, aliniuliza siku moja, "Bosi, mbona sala yako ina mapengo? Unasema, unanyamaza, unasema, unanyamaza."

Nikamwambia mimi si wa kuongoza. Mimi naitikia.

Mahali pa Kosmas napaacha wazi, kwa urefu uleule aliokuwa akiutumia. Naitikia vizuri siku hizi, si kama mtu aliyeshikwa na polisi. Sala ikiisha nafunga boneti, napanda, nawasha injini. Halafu gari nalishikilia kidogo, nasikiliza nyuma, kabla sijakanyaga mafuta.